Shamba la Mama Lilivyosafishwa

Kaka yangu anaishi Tanga mjini, kwenye nyumba yenye feni kila chumba, na kwa miaka mingi amekuwa akitaka mama yetu akaishi naye. Mama hataki. Akishuka kule miguu inamvimba kwa joto, hapati mtu wa kuongea naye Kishambaa isipokuwa kaka, na kaka mwenyewe anashinda kazini. Baba alipofariki na magoti ya mama yakaanza kumsumbua, tulikaa kikao cha familia, sisi watatu tu, tukakubaliana hivi: ilimradi shamba linamlisha, mama atabaki mlimani. Siku shamba litakapomshinda, atashuka Tanga bila mjadala. Mama alikubali haraka, tena kwa dharau kidogo, maana shamba lile halikuwa limewahi kumshinda.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lushoto mjini. Shamba la mama liko upande wa Gare, mteremkoni, linaanzia nyuma ya nyumba na kuishia kwenye kijito. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nachukua bodaboda kwenda kumsaidia, na kila Jumamosi nilirudi na mfuko umejaa kuliko nilivyokwenda nao.

Ukweli usemwe: lilikuwa shamba vurugu. Migomba ilisimama popote ilipotaka. Chini yake kulikuwa na mibuni michache aliyoiacha baba, na kati ya mibuni maharage ya kila rangi. Mama hakuwahi kutenganisha mbegu za maharage. Alichota kiganjani mekundu, ya njano, meusi na yenye madoadoa, akafukia yalivyokuja, kama alivyofanya mama yake. Mvua ikizidi, aina fulani zinaoza na nyingine zinazaa; mvua ikikata, mambo yanageuka. Chungu hakikukosa kitu. Mboga za mnavu na mchunga zilijiotea zenyewe, na wakati wa kupalilia mama alizizungushia jembe kwa uangalifu uleule alioyapa maharage. Mtu asiyejua angedhani anapalilia magugu. Kule chini, kando ya kijito, kulikuwa na magimbi na vichaka vyenye maua ya kila namna ambavyo hakuna aliyewahi kuvipanda.

Juu ya vurugu yote hiyo zilipita waya za pesheni. Pesheni ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa shamba. Wafanyabiashara walizifuata hadi mlangoni, na kutokana nazo mama alinunua sukari, mafuta na dawa za magoti. Nguzo za kushikilia waya zilikuwa vigogo vikavu ambavyo baba alivichimbia miaka mingi iliyopita, na katikati ya shamba kulikuwa na mparachichi uliokufa umesimama. Hakuna aliyeukata, kwa kuwa baba ndiye aliyeupanda.

Ndani ya vigogo hivyo, na kwenye boriti za jiko la nje, waliishi wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Hawana asali, hawana kundi, kila mmoja na tundu lake. Wanavuma kwa sauti nzito mpaka mgeni anainama. Mama aliwachukia. Ukibandika mboga, unga wa mbao unadondoka kutoka darini na kuingia sufuriani, naye anasimama na mwiko kuwatukana kwa Kishambaa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa ni mama wa kanisa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mradi ulipokuja.

Ulikuja na magari mawili na wali wa nyama. Wakulima wa pesheni waliitwa ofisi ya kijiji, wakafundishwa kilimo cha kisasa asubuhi nzima, wakala, wakagawiwa kijitabu chenye karatasi za kung'aa. Mama alinionyesha Jumamosi iliyofuata. Ukurasa wa katikati ulikuwa na picha ya shamba ambalo sijaona mfano wake popote katika milima hii: mistari iliyonyooka, nguzo za zege, na kati ya mstari na mstari udongo mwekundu mtupu, umefagiliwa. Hapakuwa na jani lisilo na kazi. Juu yake paliandikwa kwamba kutakuwa na shindano la Shamba Bora la kata nzima.

"Angalia," mama alisema. "Hili ndilo shamba. Langu ni kichaka."

"Nani kakwambia ni kichaka?"

Nilimjua aliyemwambia. Ng'ambo ya bonde kuna jirani yake, mwanakwaya mwenzake, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimtania kwamba akitaka kumsalimia inabidi aje na panga. Wanapendana sana wale wawili, na hakuna wanachokipenda kama kushindana.

Hapa inabidi nieleze jambo kuhusu akina mama wa kwetu, la sivyo utamwona mama yangu mjinga, naye si mjinga. Kwetu mwanamke anapimwa kwa ufagio. Uwanja unafagiliwa kabla ya kusalimiana. Mtu akipita njiani asubuhi na kukuamkia kwa Kishambaa, "Onga mahundo", wakati uwanja wako bado una majani, utamwitikia ukiwa umeangalia chini kwa aibu. Mimi nimefagishwa uwanja nikiwa na homa. Sasa mtu kama huyo ukimwonyesha picha ya shamba lililofagiwa, na kumwambia kwamba serikali na wafadhili wanaona hivyo ndivyo inavyotakiwa, umemshika pabaya. Waliotengeneza kijitabu kile hawakujua wanacheza na nini.

Bwana shamba wa kata alikuwa kijana mpole aliyetoka mkoa mwingine, mwenye pikipiki na buti safi kupita kiasi. Alimwamkia mama vizuri, shikamoo yake haikuwa ya kulipua. Akazunguka naye shamba zima akiwa na mwongozo mkononi, na kila walipofika alionyesha kitu cha kuondoa. Mnavu na mchunga ni magugu, vinahifadhi wadudu. Maharage ya mchanganyiko hayakubaliki, mradi utatoa mbegu ya aina moja, ipandwe kwa kamba. Vigogo vikavu na mbao chakavu ni masalia, masalia yote yachomwe. Mparachichi uliokufa vilevile. Jiko la nje lingefaa kubomolewa kwa kuwa majaji wangelipitia. Vichaka vya kijitoni navyo vifyekwe, visije vikawa maficho ya panya.

Hili la kijito ndilo lililonichosha kabisa. Mwaka uleule watu wa ofisi nyingine, ya mazingira, walikuwa wamepita wakapigilia vigingi kando ya kijito na kumwambia mama asiguse hata jani, ni hifadhi ya maji, ayaache hata magimbi. Mama aliyaacha. Sasa huyu anasema vifyekwe. Mama akafyeka. Baada ya masika kuanza wale wa kwanza wakarudi, wakakuta pako wazi, wakasikitika sana, wakampa miche ya miti ya kuziba pengo, yote ya aina moja, ipandwe kwa mistari. Nilimuuliza bwana shamba kama ofisi hizi mbili huwa zinasalimiana. Akasema ziko jengo moja, mwalimu.

Nilibishana na mama, sikatai. Nilibishana naye jikoni, nilibishana naye nikiwa nimeshika jembe.

"Mnavu nao unaung'oa? Utakula nini?"

"Nitanunua kabichi kama watu wengine."

"Ununue kabichi wakati mboga ziko mlangoni?"

"Mwanangu, majaji wakija watakuta shamba au watakuta pori? Wewe ulisomeshwa na shamba hili, leo unaona haya likipendeza?"

Ukishaambiwa umesomeshwa na shamba, unanyamaza. Niling'oa mnavu. Nilisaidia kubeba vigogo. Vijana wawili wa kulipwa waliangusha mparachichi wa baba na kubomoa jiko, na vyote vikarundikwa pamoja na nguzo za zamani. Mama mwenyewe ndiye aliyewasha. Nyuki weusi wakatoka mmojammoja kwenye matundu yao, wakazunguka juu ya moshi wakivuma, wengine wakarudi ndani ya moto. Mama alicheka. Alisema sasa atakula mboga isiyo na mbao.

Nakumbuka nikirudi mjini siku ile nguo zikinuka moshi, nimekasirika bila kujua hasa nimekasirikia nini. Shamba lilikuwa limependeza. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ukisimama juu kwenye nyumba uliona hadi kijitoni, mistari imenyooka, nguzo za zege za mradi zimesimama wima, udongo mwekundu umefagiliwa. Mama kweli alikuwa ameufagia, kwa ufagio wa chelewa, ameinama na magoti yake yale.

Alishinda, bila shaka. Angeshindwaje? Majaji walisema hawajawahi kuona usafi wa namna ile. Alipewa fulana, cheti, kibao cha chuma cha kusimika njiani kilichoandikwa SHAMBA BORA, na zawadi kubwa yenyewe, ambayo ilikuwa bomba la mgongoni la kupulizia dawa pamoja na dawa zake. Jumapili lilitangazwa kanisani, waumini wakapiga makofi, jirani wa ng'ambo akamkumbatia mbele ya watu. Mama alivaa fulana ile juu ya gauni la kanisani. Alifurahi kiasi kwamba nami nikafurahi. Nilijiambia labda ninazeeka vibaya.

Bomba lilikuja na maelekezo: puliza kila wiki, hata kama huoni mdudu. Mama hana uwezo wa kubeba bomba lililojaa, kwa hiyo alimlipa kijana ampulizie. Kila wiki. Ni mtu wa kufuata maelekezo.

Mvua zilipotulia mipesheni ikachanua kuliko mwaka wowote. Maua yalijaa kwenye waya, meupe yenye nyuzi za zambarau, mama akanipigia simu kazini kuniambia nije nione. Nikaja nikaona. Jumamosi iliyofuata maua yalikuwa chini. Yalikuwa yamefunga, yakanyauka, yakadondoka na vikonyo vyake bila kuacha tunda. Mama aliyafagia akasema ni upepo. Mengine yakachanua, nayo yakadondoka.

Bwana shamba akaitwa. Safari ya kwanza alisema ni upungufu wa mbolea, mama akaweka mbolea. Safari ya pili alisema ni ukungu, likaja tena bomba. Safari ya tatu ilikuwa Jumamosi nami nilikuwepo. Alisimama chini ya waya, akashika ua lililofunguka asubuhi ile, akalitazama ndani muda mrefu, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Hayachavushwi," alisema. "Chavua imekaa palepale. Hakuna mdudu aliyeigusa."

"Kwa nini? Nyuki wa asali si wapo?"

"Nyuki wa asali ni mdogo kwa ua hili, mwalimu. Anachukua chavua na kuondoka, mgongo wake haufiki huku juu. Pesheni inataka wale wakubwa. Weusi. Wanaotoboa mbao."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na ufagio.

Nilijikuta nauliza polepole, kama ninavyomuuliza mwanafunzi ambaye jibu lake nalijua. "Wewe hili ulilijua lini?"

"Tulifundishwa chuoni."

"Ulilijua siku ile ulipomwambia achome vigogo?"

"Mwongozo unasema masalia yote yachomwe."

"Sikuulizi mwongozo. Nakuuliza wewe."

Akavua kofia. "Mwalimu, nilijua kama mtu anavyojua kitu cha mtihani. Pale nilikuwa na mwongozo. Ningeandika kwamba shamba limebaki na vigogo vikavu, wangesema sijasimamia. Mimi napimwa kwa usafi wa mashamba, si kwa matunda."

Nilitaka kumpigia kelele, na kwa kweli nilipiga. Nilimwambia maneno mengi, mengine ya haki na mengine si ya haki, kuhusu watu wanaosomeshwa kwa kodi zetu kisha wanaacha akili zao chuoni pamoja na kitanda. Alisikiliza yote. Alipoona nimemaliza akasema kuna njia: kuchavusha kwa mkono. Unachukua brashi ndogo, unagusa chavua, unahamishia kwenye ua jingine, ua moja baada ya jingine, kila asubuhi kabla halijafunga. Mradi ungeweza kuleta brashi.

Nao wakaleta. Brashi za kuchorea, kama za watoto wangu darasani.

Kwa hiyo mama yangu, mwenye magoti mabovu na macho yanayohitaji miwani, akawa kila asubuhi anapanda kwenye kigoda, ameshika brashi, anafanya kazi iliyokuwa ikifanywa bure na wadudu aliowatukana maisha yake yote. Jumamosi nilifanya mimi. Shingo inauma, jua linakupiga usoni, na mchana maua yanafunga hujafika hata nusu ya waya. Tuliwahi kupata matunda machache, madogo, mepesi mkononi, yana hewa ndani. Ukiyapasua unakuta mbegu za kuhesabu kwa kidole.

Maharage nayo. Mbegu ya mradi, ile ya aina moja, ilikuta mvua za mwisho zimezidi, ikaoza karibu yote kwa pamoja. Miaka ya nyuma yangeoza mekundu, tukala ya njano. Mama aliangalia mistari yake iliyonyooka yenye mashina meusi akasema tu, "Basi." Mbegu zake za zamani alikuwa amezila, kwa kuwa aliambiwa hazifai tena kupandwa. Akaanza kununua kabichi kweli, na maharage ya dukani, na kuhusu dawa za magoti alinificha kwamba ameacha kuzinunua. Nilijua nilipoona anavyoshuka ngazi.

Kwa kaka hatukusema kitu. Kila alipopiga, mama alimjibu kwamba shamba liko vizuri, limeshinda zawadi. Wala hakudanganya.

Kilichotuumbua ni sikukuu ya mavuno. Usharika wetu una desturi kwamba siku hiyo kila mtu analeta alichovuna, vinarundikwa mbele ya madhabahu, na baada ya ibada vinanadiwa uwanjani. Kapu la pesheni la mama lilikuwa na sifa yake. Wanakwaya walilipandishia bei kwa makusudi, kwa kelele na vicheko, mpaka mnadishaji ashikwe na kikohozi. Mwaka huo kaka alipanda kutoka Tanga na familia yake, makusudi kabisa, aje aone kapu la Shamba Bora.

Mama alikuja kanisani na kapu limefunikwa kitambaa. Mnada ulipofika kwake kitambaa kikaondolewa, nazo zilikuwa karoti. Karoti nzuri, nyekundu, zimeoshwa, zimefungwa mafungu kwa kamba ya plastiki ya bluu ambayo kila mtu katika Lushoto anajua ni ya sokoni. Hakuna aliyecheka. Jirani wa ng'ambo ndiye aliyewahi kupaza sauti na kutaja bei, bei kubwa, akazinunua zote haraka ili yaishe. Mama alikaa kwenye benchi ameshika kitambaa chake, amenyooka, haangalii mtu.

Kaka hakuwa na haja ya kuuliza. Alitembea hadi shambani peke yake, akasimama chini ya waya tupu, akarudi. Mchana ule alizungumza kwa upole sana na mama, na upole ule ulinikera kuliko kama angefoka. Alisema, "Mama, tulikubaliana." Nilianza kueleza habari za nyuki, vigogo, mwongozo, bomba. Akanitazama kama mtu anayesikiliza visingizio, na kwa kweli, ukisimulia kwa haraka, inasikika kama visingizio. Nani atakuamini kwamba bibi kizee amehamishwa nyumbani kwake kwa sababu ya mdudu mweusi?

Mama mwenyewe hakubisha. Hilo ndilo lililonivunja. Alifunga mabegi mawili, akafagia uwanja, akaniachia ufunguo, akapanda gari la kaka. Wakashuka.

Nilidhani yameisha, lakini sikuwa nimewajua watu wa miradi. Wiki chache baadaye bwana shamba alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayekanyaga mayai. Kulikuwa na ugeni. Wakulima kutoka upande wa Bulwa na wengine kutoka Mazinde, pamoja na wakubwa wa mradi, wanakuja kujifunza, na shamba la mfano la kata ni lile.

"Shamba gani? Hakuna mtu pale."

"Najua, mwalimu. Nimeweka vibarua wa kupalilia. Ni kufungua tu geti, na kama utaweza, kusema maneno mawili ya kukaribisha kwa niaba ya mama."

Ningeweza kukataa. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuwaambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote.

Walikuja wengi, na kofia za mradi. Walipita kati ya mistari wakipiga picha. Shamba lilikuwa safi kuliko alivyoliacha mama. Vibarua walikuwa wamefagia hata chini ya kibao. Hapakuvuma kitu. Mkubwa wa mradi, mama mmoja mchangamfu mwenye miwani mikubwa, alieleza kuhusu nafasi kati ya mche na mche. Mkulima mmoja akauliza mavuno yakoje. Bwana shamba akanitazama, kisha akatazama buti zake.

"Hakuna mavuno," nilisema. "Wadudu wanaochavusha tuliwachoma moto, na mama mwenye shamba amehamia Tanga kwa sababu hana cha kula."

Kisha yule mkubwa akacheka vizuri tu, akanishika bega. "Mwalimu ana utani," aliwaambia. "Kila shamba lina changamoto zake. Tusogee huku tuone mfumo wa nguzo." Wakasogea wakaone mfumo wa nguzo. Wengine, nilivyowaangalia nyuso, walikuwa wamenisikia na wangependa kuuliza zaidi, lakini gari lilikuwa linasubiri na bado walikuwa na sehemu nyingine ya kwenda. Bwana shamba alibaki nyuma akaniambia ataliandika kwenye taarifa yake. Nilimwambia aandike. Sikuwa na hasira naye tena, nilikuwa nimechoka tu.

Jioni, nikiwa nasahihisha madaftari, mama akapiga simu. Alikuwa amesikia habari za ugeni kutoka kwa jirani wa ng'ambo, maana wale wawili huongea kila siku.

"Walikuja wengi?"

"Wengi, mama."

"Wakasemaje?"

"Walisema hawajawahi kuona shamba safi namna ile."

Nilisikia feni ya kaka ikizunguka. Nilingoja afurahi, na nilishajiandaa kukasirika akifurahi.

"Uliwapa nini wabebe?" aliuliza.

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Tangu nimezaliwa sijaona mtu akitoka kwenye shamba lile mikono mitupu. Awe mgeni, awe mtoza ushuru, awe mwendawazimu wa sokoni, angepewa mkungu, au gimbi, au pesheni mbili za kula njiani. Mama hakuwahi kuliita hilo ukarimu. Kwake ilikuwa sehemu ya kumuaga mtu.

"Sikuwapa kitu, mama. Hapakuwa na kitu."

"Hata mboga?"

"Mboga gani? Si tuling'oa."

Nikasikia sauti ya kaka kwa mbali ikiuliza kuna nini, na mama akimjibu kwa Kishambaa kwamba wageni wametoka nyumbani kwake mikono mitupu, umati mzima, na kibao kimesimama njiani kinasema ni shamba bora. Kaka akasema jambo kuhusu makubaliano. Mama akamwambia makubaliano yalikuwa shamba likimshinda, na shamba halikumshinda, ni yeye mwenyewe aliyelifagia likafa, na kaka akitaka kubishana aende akabishane na feni.

Kisha akarudi kwenye simu.

"Mwanangu, jirani bado anazo zile mbegu za kuchanganya. Nimemwomba kiganja kimoja. Anao pia mnavu wa kuhamisha. Na ule mfenesi wake uliokauka, mwambie asiupasue kuni, nitachukua gogo lake."

"Mama, magoti…"

"Magoti yangu yanauma hata nikikaa kwenye sofa. Njoo kesho unichukue. Nataka kwenda kulichafua shamba langu."

Asubuhi nilimwomba ruhusa mwalimu mkuu, nikashuka Mombo, nikapanda basi la Tanga.